Vimeng'enya Haviuzwi kwenye Kopo

Mimi ni mtaalamu wa maabara, mzaliwa wa Biryogo hapa Nyamirambo, na mdogo wangu wa mwisho ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa shule ya msingi. Mtaani wanayajua yote mawili, ndiyo maana huniletea makopo nyumbani. La mwisho lililetwa na mama jirani ambaye binti yake wa miaka kumi na minne anachoma insulini asubuhi na jioni. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, na nje palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba umejaa antioksidanti.

"Dada, aliyeniuzia anasema huu unasafisha sukari kwenye damu. Nikimkorogea kila siku, naweza kumpunguzia sindano?"

"Hapana, mama. Sindano usiiguse."

Jibu hilo nalitoa kabla sijasoma maandishi ya kopo lolote. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza akikosa insulini, hata kwa siku moja au mbili, damu yake inaweza kujaa asidi na akapoteza maisha. Hakuna unga wa kuziba pengo hilo. Lakini mama huyu hakudanganywa kwa kila neno. Muuzaji alichukua nusu ya jambo la kweli akaiuza, na nusu iliyobaki, ambayo ndiyo yenye manufaa kwa binti yake, hakuisema. Hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Kila seli ya mwili wetu huchoma chakula kwa oksijeni ili ipate nguvu, na kazi hiyo hufanyika katika vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Katika uchomaji huo, sehemu ndogo ya oksijeni hupokea elektroni isiyo na mwenzake na kugeuka kuwa supaoksaidi, mojawapo ya kemikali zinazoitwa radikali huru. Radikali huru haitulii. Hudonoa mafuta yaliyo kwenye utando wa seli, hupinda protini, huchubua hata DNA. Mtu mwenye afya kamili anazitengeneza pia, mchana na usiku. Hazimuui kwa sababu mwili una antioksidanti zake wenyewe, vimeng'enya vya kuzituliza.

Cha kwanza kinaitwa supaoksaidi dismutasi. Protini hii ilikuwa imeshaonekana katika damu tangu 1938, ila wanasayansi walidhani kazi yake ni kuhifadhi madini ya shaba tu. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ndio walioonyesha inachokifanya: inachukua supaoksaidi na kuigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Hiyo peroksaidi unaifahamu. Ni ile dawa ya kuoshea vidonda ambayo katika maduka ya dawa ya Kigali wengi wanaiomba kwa jina la Kifaransa, eau oxygénée. Ukiimimina kwenye kidonda inatoa povu jeupe. Povu hilo ni oksijeni, na kinachoitoa ni kimeng'enya cha pili, katalasi, kilichomo kwenye damu na nyama yako. Katalasi inaivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni, na molekuli yake moja inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Cha tatu, glutathioni peroksidasi, kinafanya kazi inayofanana na hiyo bila povu, kwa kutumia akiba ya glutathioni iliyomo ndani ya seli.

Kwa hiyo kazi hii ni ya kupokezana, na kila mmoja lazima awe na kasi ya mwenzake. Nenda Nyabugogo asubuhi utazame vijana wanaoshusha magunia ya viazi kutoka kwenye lori: aliye juu akirusha upesi na aliye chini akichelewa, magunia yanarundikana katikati na mtu anaumia. Dismutasi ikiwa na nguvu na katalasi ikiwa dhaifu, peroksaidi inarundikana. Ndiyo maana kusema tu kwamba "antioksidanti imeongezeka" hakuniambii kitu. Nataka kujua ipi, na nyingine iko wapi.

Kuna kisa cha kitabibu ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya. Miaka ya 1940 huko Okayama, Japani, daktari wa koo na masikio Shigeo Takahara alikuwa akimtibu msichana mwenye donda baya mdomoni. Alipomimina peroksaidi kusafisha donda, povu halikutoka, na damu ikageuka nyeusi. Takahara hakulipuuza jambo hilo. Alilifuatilia hadi akagundua kwamba katika damu ya msichana huyo katalasi ilikuwa karibu haipo kabisa, na kwamba hali hiyo inarithiwa. Miaka mingi baadaye, László Góth wa Hungaria alizipima familia zenye upungufu wa katalasi wa kurithi, na mwaka 2000, pamoja na mwenzake John Eaton, akaandika kwamba kisukari kilikuwa kingi zaidi katika familia hizo kuliko kwa watu wengine. Peroksaidi isiyovunjwa inaonekana kuidhuru kongosho.

Hilo halikuwashangaza waliozichunguza seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zile zinazoitwa seli za beta. Mwaka 1996 Sigurd Lenzen na wenzake wa Hannover, Ujerumani, walilinganisha viungo mbalimbali vya panya. Ini lilikuwa na vimeng'enya hivi kwa wingi, lakini vikundi vya seli za kongosho vilikuwa na kidogo sana, na katalasi ndiyo iliyokuwa chini kabisa. Seli ambayo maisha yetu yanaitegemea kila tunapokula ni miongoni mwa zile zenye kinga haba dhidi ya peroksaidi. Katika kisukari aina ya kwanza, mfumo wa kinga wa mwili unapozishambulia seli hizo, radikali huru ni sehemu ya mashambulizi hayo, na seli hazina pa kujificha.

Sasa turudi kwa binti wa jirani yangu, ambaye seli zake za beta zimekwisha kuharibika. Kwake swali limehama. Sukari yake inapopanda, seli za misuli haziwezi kuichukua vizuri bila insulini, lakini seli za ukuta wa mishipa midogo ya damu, za neva, za figo na za pazia la nyuma ya jicho hazina namna ya kuizuia. Zinajazwa. Mwaka 2001 Michael Brownlee wa New York alieleza kwamba mitokondria za seli hizo, zikielemewa na sukari, zinamwaga supaoksaidi kupita kiasi, na kwamba madhara mengi ya kisukari ambayo tulikuwa tukiyaona kama magonjwa tofauti, ya jicho, figo na neva, yana chanzo hicho kimoja.

Wakati huohuo sukari inavishika vimeng'enya vyenyewe. Inajibandika kwenye protini yoyote inayoikuta muda mrefu. Kipimo cha HbA1c, tunachokiita kipimo cha miezi mitatu, kinahesabu sukari iliyojibandika kwenye himoglobini katika maisha ya chembe nyekundu ya damu, ambayo huishi takriban siku 120. Mwaka 1987 watafiti wa Kijapani, akiwemo Naoyuki Taniguchi, walionyesha kwamba dismutasi ya chembe nyekundu nayo inabandikwa sukari, kwamba kwa watu wenye kisukari inabandikwa zaidi, na kwamba ile iliyobandikwa hufanya kazi kwa unyonge. Himoglobini na dismutasi zimo ndani ya chembe moja, zinaoga sukari ileile. Nikiona HbA1c ya kijana imefika asilimia 12, najua kinachoipata dismutasi humo ndani, ingawa sijaipima.

Glutathioni nayo ina shida yake. Kila ikitumika lazima irejeshwe upya, na kurejeshwa huko kunahitaji kemikali iitwayo NADPH. Sukari ikizidi, seli hutumia NADPH hiyohiyo kuigeuza sukari kuwa sorbitoli, na akiba inapungua. Chembe nyekundu huipata NADPH kupitia kimeng'enya kingine, G6PD, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kulisikia jina hili. Upungufu wa G6PD wa kurithi unapatikana sana katika nchi zilizoishi na malaria karne na karne, kwa kuwa unampa mtu nafuu fulani dhidi ya vimelea vyake. Anayeishi nao huwa na chembe nyekundu zinazokufa mapema akipewa baadhi ya dawa. Chembe zikifa mapema, HbA1c nayo inasoma chini kuliko ukweli, kwa sababu sukari haikupata muda wa kujibandika. Kijana wa namna hiyo anaweza kusifiwa kliniki huku vidole vyake, kwenye mashine ya kupimia sukari, vinasema mengine. Nawasihi wazazi: majibu ya kidole yakigongana na ya miezi mitatu, daftari la sukari lifunguliwe mbele ya daktari na pasiwe na haya.

Je, vijana wenye kisukari aina ya kwanza wana vimeng'enya dhaifu? Vipimo vimefanyika Ulaya, Asia na Amerika, na majibu hayakukubaliana. Kuna waliokuta dismutasi imeshuka, na kuna waliokuta imepanda, jambo ambalo linaeleweka, kwani mwili ulioelemewa unaweza kwanza kutengeneza kimeng'enya zaidi. Matokeo ya glutathioni peroksidasi na ya katalasi nayo yametofautiana, kutegemea umri wa kijana, miaka aliyoishi na ugonjwa, jinsi sukari yake inavyodhibitiwa, na namna maabara ilivyopima. Hilo la mwisho nalijua kwa mikono yangu. Nilipokuwa chuoni tulipima katalasi kwa njia ya Hugo Aebi: unaosha chembe nyekundu, unazipasua kwa maji baridi, unatia peroksaidi, kisha unatazama kwenye spektrofotometa jinsi mwanga wa urujuanimno wa nanomita 240 unavyopita kwa urahisi zaidi kadiri peroksaidi inavyokwisha. Yote yanapita upesi, na sampuli iliyokaa juani ndani ya boksi la pikipiki kwa saa nzima haifai tena. Katika vipimo vya kila siku hospitalini katalasi haimo, na haina haja ya kuwemo. Mzazi asiombe kipimo hicho wala asikilipie.

Anachopaswa kukidai ni insulini isiyokatika na uwezo wa kupima sukari. Huku ndiko nusu ya pili ya ukweli iliko, na Rwanda ina historia yake.

Chama cha wagonjwa wa kisukari cha Rwanda, ARD, kilianzishwa Kigali mwaka 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakati hospitali zilikuwa zikijengwa upya na mtoto mwenye kisukari hakuwa na matumaini makubwa ya kuishi. Kuanzia 2004 mpango wa kimataifa wa Life for a Child ukaanza kuleta insulini na vifaa kwa watoto na vijana kupitia chama hicho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walipoungana na ARD kuwapima vijana hao mwaka 2009 na 2010, wastani wa HbA1c ulizidi asilimia 11, na wengi walikutwa na shinikizo la damu wakiwa bado hawajafika hata miaka ishirini na sita. Lengo kwa vijana ni kukaribia asilimia 7. Vipimo vya mara kwa mara na mafunzo vilipoongezwa, wastani huo ukaanza kushuka. Wakati huohuo, katika hospitali za wilaya kama Rwinkwavu, Kirehe na Butaro, wizara ya afya na shirika la Inshuti Mu Buzima walifungua kliniki ambamo wauguzi waliofunzwa wanawatunza wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza, moyo na seli mundu, bila mgonjwa kusafiri hadi Kigali. Mpango huo unaitwa PEN-Plus, na mwaka 2022 mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé waliupitisha uwe mkakati wa bara zima. Nikiona mtoto wa mkulima wa Kirehe anajua kuhesabu yuniti zake, najivunia nchi yangu.

Kwa nini nasema insulini ndiyo inayovilinda vimeng'enya? Kwa sababu inaziba chanzo. Sukari ikishuka, mitokondria zinapunguza kumwaga supaoksaidi, NADPH inabaki kwa ajili ya glutathioni, na chembe nyekundu mpya zinazozaliwa zinakutana na sukari kidogo. Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka mwaka 1993 katika utafiti wa DCCT huko Marekani na Kanada, ulioshirikisha watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, wa umri wa miaka 13 hadi 39. Waliopewa insulini kwa umakini, sukari ikashuka hadi HbA1c ya karibu asilimia 7, walipunguza hatari ya kuanza kuugua pazia la jicho kwa asilimia 76. Walifuatiliwa kwa miaka mingi baadaye, na wale waliokuwa na sukari nzuri mwanzoni waliendelea kuwa na afueni hata sukari zao zilipokuja kufanana na za wenzao. Miaka ya ujana inaandikwa mwilini.

Na vidonge? Vilijaribiwa kwa uaminifu. Utafiti wa HOPE uliotolewa mwaka 2000 uliwapa watu wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, wakiwemo zaidi ya 3,600 wenye kisukari, yuniti 400 za vitamini E kila siku kwa zaidi ya miaka minne. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye aina ya pili, lakini fundisho linatuhusu: vitamini haikuwakinga. Dismutasi na katalasi ni protini. Ukizimeza hivihivi, tumbo linazikatakata kama linavyofanya kwa maharage au nyama. Ni sababu ileile inayofanya insulini ichomwe isimezwe. Nilipomwambia hivyo mama jirani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana ya sindano." Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia.

Mwili unahitaji madini ili uvitengeneze: shaba na zinki kwa dismutasi, manganisi kwa ile ya ndani ya mitokondria, chuma kwa katalasi, seleni kwa glutathioni peroksidasi, jambo lililothibitishwa mwaka 1973. Mengi ya hayo yamo kwenye sahani ya kawaida ya Kigali ikiwa imekamilika: maharage, dodo, isombe yenye karanga, indagara, sambaza wa Ziwa Kivu, yai. Tatizo la sahani zetu ni kwamba ndizi, viazi vitamu na ugali vinajaza robo tatu yake, na maharage yanabaki pembeni. Matunda ni mazuri yakiliwa mazima na kuhesabiwa. Juisi ya marakuja iliyotiwa sukari inapandisha sukari ya kijana ndani ya dakika chache, hata kama aliyeikamua anaisifia kwa antioksidanti zake. Juisi hiyo mdogo wangu anaiweka kwa ajili ya sukari iliyoshuka, na hapo inaokoa maisha.

Kitu kimoja kinavichochea vimeng'enya hivi moja kwa moja, nacho ni mazoezi. Misuli ikifanya kazi inatoa radikali huru kidogo, na mwili unajibu kwa kutengeneza dismutasi na glutathioni peroksidasi zaidi. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake wa Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume wenye afya mazoezi ya wiki nne, nusu yao wakimeza miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E kila siku. Wale wasiomeza kitu, vimeng'enya vyao viliongezeka na mwili ukaitikia insulini vizuri zaidi. Kwa waliomeza vidonge, faida hiyo haikuonekana. Vidonge vilikuwa vimenyamazisha ishara ambayo mwili uliihitaji ili ujitengenezee kinga.

Katika jiji hili hatuna kisingizio. Siku isiyo na magari ilianza mwaka 2016, nayo huwa Jumapili: barabara kubwa zinafungwa, watu wanakimbia, na kuna meza za kupimia sukari na shinikizo la damu bila malipo. Mwaka 2011 aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour du Rwanda alikuwa Kiel Reijnen wa Team Type 1, timu iliyochanganya waendesha baiskeli wenye kisukari na wasio nacho. Vijana wetu waliwaona kwa macho watu wanaochoma insulini wakipanda milima ya Rwanda. Mdogo wangu naye hukimbia. Anapima kabla ya kutoka, anatia glukosi mfukoni, na sukari ikiwa juu sana huku mkojo una ketoni, anabaki nyumbani siku hiyo. Mazoezi bila insulini ya kutosha ni hatari, na hapa sitaki mzazi yeyote anielewe vibaya.

Mwaka 2025 utafiti wa YODA, uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, ulitoa habari iliyonifanya nisilale mapema. Miongoni mwa vijana 894 waliotambuliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza, takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili zile zinazoonyesha kwamba mfumo wa kinga umeishambulia kongosho. Wanahitaji insulini kama wengine, ila njia iliyowafikisha hapo huenda ni nyingine. Basi namba za vimeng'enya zilizopimwa Ulaya haziwezi kuhamishiwa kwa vijana wetu bila kupimwa hapa, kwenye damu zetu, zenye G6PD zetu na lishe zetu.

Kazi hiyo haihitaji jumba jipya. Inahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, spektrofotometa, na muuguzi wa kliniki ya kisukari anayejua kuitunza sampuli iwe baridi. Ningeanza na vijana wanaotibiwa Nyamirambo, Kirehe na Butaro: wapimwe G6PD, katalasi na glutathioni peroksidasi siku ya kwanza, wapewe insulini na vijiti vya kupimia vya kutosha kwa miezi sita bila kukatika siku hata moja, halafu chembe nyekundu zilizozaliwa katika miezi hiyo zipimwe tena.